Rivolva ndogo kuliko kiganja: itakutetea kweli?

Swali: Mimi ni mwanamke wa miaka 52, nafanya kazi za zamu na mara nyingi hutoka saa nane usiku. Kibali cha kumiliki na kubeba bastola ninacho. Mkono wangu wa kulia uliwahi kuvunjika kwenye kifundo, na hauna tena nguvu kama zamani. Nimeonyeshwa rivolva ndogo sana ya .22 Magnum, ya risasi 5, inayopotea kabisa ndani ya mfuko wa suruali. Muuzaji ameniambia nisione wembamba wa reli, treni inapita. Je, kitu kidogo hivi kinatosha kunilinda, au nitakuwa nimenunua pambo?

Jibu: Dada yangu, nimelisoma swali lako mara mbili, na kilichonifanya nikae chini nikujibu kwa urefu ni huo mkono uliovunjika. Kwa hali uliyoieleza, nisingekushauri uifanye bastola hiyo kuwa silaha yako pekee. Wengi watakuambia hivyo hivyo kwa sababu ya udogo wa risasi zake. Mimi sababu yangu ya kwanza ni kidole gumba chako.

Ulivyoieleza, hiyo ni ya jamii ya rivolva ambazo kiwanda cha North American Arms cha Utah, Marekani, kimezifanya zijulikane kotekote. Mtutu wake huwa wa milimita 28 hivi, au 41 kwa ile ndefu kidogo. Ya .22 LR (Long Rifle, risasi ya .22 iliyo ndogo kuliko Magnum) ina gramu 130 hivi. Ya Magnum imezidi, lakini haifiki gramu 200. Ukiikunjia vidole, kinachobaki kuonekana ni ncha ya mtutu na nundu ya nyundo, kile chuma cha nyuma kinachoigonga risasi. Wazo lenyewe ni la zamani. Rivolva ya kwanza ya Smith & Wesson, mwaka 1857, ilikuwa ndogo, ya risasi 7 za .22. Huko Ufaransa, miaka ya 1890, ziliuzwa rivolva ndogo zilizoitwa Velo-Dog kwa ajili ya waendesha baiskeli waliokuwa wakifukuzwa na mbwa barabarani. Haja ya silaha nyepesi isiyoonekana naielewa vizuri, na sitasema bastola hizi ni takataka. Nyingi zimetengenezwa kwa uangalifu, kwa chuma kisichoshika kutu upesi kwa jasho. Mimi mwenyewe nilibeba moja kwa karibu mwaka mzima.

Sasa ukirudi dukani, ishike na uitazame kwa makini. Haina ile pete ya chuma inayokizunguka kifyatulio kwenye bastola za kawaida. Kifyatulio ni kijinundu kidogo kilichokingwa na kijiukuta cha chuma kila upande. Halafu haipigi kwa kuvuta kifyatulio peke yake. Kila risasi lazima uikoki nyundo kwa gumba mpaka ishike, ndipo uvute. Risasi 5, kukoki mara 5.

Mpini wake nao unaenea vidole viwili tu. Kidole cha shahada kiko kwenye kifyatulio, kidole cha mwisho kinaelea hewani. Gumba likipanda kwenda kuivuta nyundo, bastola nzima inabaki imeshikwa na vidole viwili vya katikati, huku springi ya nyundo ikipingana nawe. Kwa mkono mzima ulio mkavu, jambo hilo linawezekana, tena linapendeza. Kwa mkono wenye jasho, ulio na kifundo kilichopoteza nguvu, ni mtihani mgumu, na utaufanya mara 5.

Niliwahi kumfundisha bwana mmoja, fundi mwenye viganja vya kazi, aliyeipenda sana rivolva yake ya namna hiyo. Kwa utulivu aliitoa mfukoni, akakoki, akafyatua, na risasi zote 5 zikaingia kwenye karatasi ya ukubwa wa sahani kwa umbali wa mita 3. Tukaitoa silinda, ile pipa ndogo yenye vyumba vya risasi, tukahakikisha sote wawili kwamba vyumba vyote ni vitupu, tukairudisha. Kisha nikamwomba apande ngazi mbio mara 3 na akishuka tu aitoe mfukoni huku nikimpigia kelele kwa karibu. Mara ya kwanza bastola ilitoka pamoja na kitambaa cha mfuko. Mara ya pili gumba lilimteleza nyundo ikiwa nusu ya safari. Mara ya tatu aliishika vizuri, lakini alipotaka kukoki ikamzungukia kiganjani, mtutu ukawa unatazama pembeni. Aliiweka mezani akaikodolea macho muda mrefu bila kusema neno. Mapigo ya moyo yakipanda, vidole vinapoteza ufundi wa kazi ndogo ndogo, na bastola hii yote ni kazi ndogo ndogo.

Muda nao ni mfupi kuliko tunavyodhani. Mwaka 1983 Dennis Tueller, sajini wa polisi wa Salt Lake City, aliandika kuhusu majaribio yake ya kupima kasi ya mtu anayekuja kukushambulia. Mtu wa kawaida hukimbia futi 21, yaani mita 6.4, kwa sekunde moja na nusu hivi. Ndani ya muda huo unatakiwa utambue hatari, uingize mkono mfukoni, ushike, utoe, ukoki, uelekeze. Wewe unatoka kazini saa nane usiku ukiwa umechoka, na huenda mkono mmoja umeshika begi.

Wapo watakaokufundisha ukoki kwa gumba la mkono wa kushoto huku wa kulia ukishikilia. Ni njia nzuri, na kwa kifundo chako pengine ndiyo pekee inayofaa. Ila mtutu wa milimita 28 unaishia karibu mno na vidole vyako vya kushoto. Nimewaona watu wenye uzoefu wa bastola kubwa wakipitisha ncha ya kidole mbele ya mdomo wa mtutu bila kujua, kwa sababu mkono umezoea kushika pale. Zaidi ya hapo, rivolva yoyote hutoa gesi ya moto na vipande vya risasi pembeni, kwenye upenyo kati ya silinda na mtutu. Ukijifunza njia hiyo, jifunze kwa mwalimu, bila risasi, mpaka mkono uache kufikiri. Na ujue kwamba siku ya tukio mkono wa kushoto unaweza kuwa unamsukuma mtu au unang'ang'ania mlango.

Jambo linalonitia wasiwasi kuliko yote, na ambalo wauzaji hulipita juu juu, ni kuirudisha nyundo chini. Bastola hizi hubebwa zikiwa na risasi zote 5 kwa sababu kwenye silinda, katikati ya chumba na chumba, kumechongwa vijitaro. Nyundo ikilala ndani ya kijitaro haigusi risasi hata bastola ikianguka sakafuni. Ikilala juu ya risasi nzima, mshtuko wa kuanguka unaweza kuifyatua. Na kuiingiza nyundo kwenye kijitaro ni kazi ya vidole vyako: unaishikilia kwa gumba, unabonyeza kifyatulio, unaishusha nyundo polepole, na kabla haijafika chini unaizungusha silinda kidogo mpaka kijitaro kikae mahali pake.

Fikiria umeitoa bastola na kuikoki, yule mtu akaona, akageuka akakimbia. Ashukuriwe Mungu. Lakini sasa umesimama gizani, mikono inatetemeka, umeshika bastola iliyokokiwa isiyo na kinga ya kifyatulio, na lazima ubonyeze kifyatulio juu ya risasi nzima huku gumba lako dhaifu likiizuia nyundo isianguke. Nililifanya zoezi hili mamia ya mara kwa silinda tupu, na bado gumba lilikuwa likiniteleza mara moja moja. Hiyo ndiyo sababu iliyonifanya niache kuibeba.

Tuje kwenye risasi yenyewe, maana uliuliza kama inatosha. .22 Magnum ilitoka mwaka 1959 kwa ajili ya kuwindia wanyama wadogo. Kwenye bunduki ya mtutu mrefu, kichwa chake cha gramu 2.6 hutoka kwa kasi ya mita 580 hivi kwa sekunde. Mtutu wa mfukoni hauipi baruti nafasi ya kuungua. Kasi inaweza kushuka karibu nusu, na baruti iliyobaki inaungulia nje ya mtutu kama mwanga mkali na kishindo. Usiku, mwanga huo utakuumiza macho wewe kwanza. Baadhi ya viwanda hutengeneza risasi za Magnum zenye baruti inayoungua upesi, mahususi kwa mitutu mifupi, na ukiamua kuinunua tafuta hizo. Lakini hazitaifanya iwe silaha nyingine. Kwa kulinganisha tu, kichwa cha kawaida cha .38 Special kina gramu 10.2, karibu mara 4.

Atakayekuambia .22 haiui hajui anachosema. Inaua, na kwa sababu hiyo haishikwi kwa mzaha. Swali lako ni lingine: itamsimamisha mtu sasa hivi? Mwaka 1986 huko Miami, mawakala wa FBI, idara ya upelelezi ya serikali ya Marekani, walipambana na majambazi wawili, na mmoja wa majambazi hao aliendelea kupigana na kuua baada ya kupata jeraha ambalo baadaye lilihesabiwa kuwa la kumuua. Mawakala 2 walifariki siku ile. Baada ya hapo FBI walianza kudai kwamba risasi ya kazi iingie angalau inchi 12, yaani sentimita 30 hivi, kwenye jelatini ya majaribio inayoigiza mwili wa mtu, bila kupita mno inchi 18. Risasi ndogo kutoka mtutu mfupi inaweza kufika hapo au isifike, kutegemea aina yake na nguo iliyokutana nayo. Hata ikifika, inabidi ipite mahali penye uhai. Na wewe utakuwa unalenga kwa alama ndogo kama punje ya mchele, juu ya mtutu mfupi kuliko kidole chako, gizani.

Kuna pia suala la kuwaka. Risasi zote za .22 za namna hii zimepakwa fataki, ile dawa inayowasha baruti ikigongwa, ndani ya ukingo wa ganda, si kwenye kifuko cha katikati kama .38. Fataki ikikosekana sehemu ile nyundo iliyogonga, risasi haiwaki. Uzuri wa rivolva ni kwamba unakoki tena na chumba kingine kinakuja. Hasara ni kwamba umepoteza moja kati ya 5, na kujaza upya hapo barabarani usahau: kwenye rivolva nyingi za jamii hii unachomoa msumari wa silinda, unaitoa silinda yote mkononi, unasukuma maganda moja moja kwa huo msumari, ndipo ujaze. Zipo aina ambazo silinda hufunguka pembeni au bastola hukunjuka, ila nazo zinataka vidole vitulivu.

Kabla ya kutoa pesa, ijaribu. Usikubali kununua bastola ya kujilinda kwa kuishika tu juu ya kaunta. Omba kuazimwa au kukodi ya aina hiyo hiyo kwenye uwanja wa shabaha, ukiwa na mwalimu. Hakikisheni wote wawili ni tupu, kisha weka kwenye vyumba maganda yaliyokwisha kupigwa, kwa sababu kufyatua silinda tupu ya .22 huharibu ukingo wa vyumba. Vaa nguo unazovaa kazini, viatu vyako, koti lako. Itoe mfukoni na kuikoki mara 20 kwa mkono wa kulia peke yake, kisha mara 20 kwa mikono miwili, halafu lowesha viganja maji ufanye tena. Hesabu ni mara ngapi gumba limeteleza, mara ngapi mpini umegeuka, mara ngapi kitambaa kimeing'ang'ania. Kisha uketi kwenye kiti cha gari na ujaribu kuitoa. Wengi hugundua hapo kwamba mfuko wa suruali haufikiki ukiwa umeketi.

Ndipo uweke risasi halisi, zile zile utakazobeba, si za bei rahisi za mazoezi. Piga angalau 50, kwa mita 3 na mita 5. Andika kila iliyokataa kuwaka. Mtu anayekoki kwa shida atachoka kabla ya 30, na hilo nalo ni jibu. Tazama pia kama baada ya risasi 20 silinda bado inazunguka bila kukwama, maana masizi ya .22 ni mengi. Kama kwa mkono mmoja, ukiwa na viganja vyenye maji, umeshindwa hata mara 2 kati ya 20, iache. Huu ni mpaka wangu mimi, wala haujaandikwa popote, lakini nimeukuta unafaa.

Badala yake ningekupeleka kwenye rivolva ya ukubwa unaofuata, yenye kinga ya kifyatulio na nyundo iliyofichwa ndani, inayopiga kwa kuvuta tu. Smith & Wesson 642 na Ruger LCR za .38 zina gramu 380 hadi 420 hivi, na bado zinaingia mfukoni. Kazi yake ni moja: shika, vuta. Ila sitakuficha kwamba kifyatulio cha bastola hizi ni kizito, kilo 5 hivi au zaidi, na .38 kwenye bastola nyepesi hupiga teke litakalokisumbua kifundo chako. Kwa hiyo kwako wewe ningeanzia na LCR ya .327, ambayo hubeba risasi 6 na hupokea pia risasi za .32 zenye teke dogo na fataki ya katikati. Ya .22 LR ina risasi 8 na haiumizi kabisa, lakini kifyatulio chake huwa kizito zaidi, kwa sababu fataki ya ukingoni inataka kugongwa kwa nguvu. Jaribu zote kwa vipimo vile vile vya hapo juu. Vijibastola vya kuvuta kifuniko nyuma, navyo vidogo na vyembamba, sikupendekezei. Vikiwa vidogo hivyo, springi yake huwa ngumu na kifundo chako kitateseka.

Kama baada ya yote hayo mazingira yako, mavazi au afya havikuruhusu kubeba kingine chochote, na umefaulu majaribio, hapo sitakupinga. Risasi 5 za .22 mkononi mwa mtu anayeijua bastola yake, kwa umbali wa kugusana, si kitu cha kudharau. Ibebe basi kwenye ala ya mfukoni inayofunika kifyatulio chote na kubaki mfukoni bastola inapotoka. Mfuko huo usiwe na kitu kingine, si funguo, si sarafu. Mwaka ule niliobeba yangu nilikuta vumbi la nguo limeshonana kati ya silinda na mtutu baada ya majuma 2 tu, kiasi kwamba silinda ilizunguka kwa kusitasita. Toa risasi uikague kila juma, ifute kwa brashi kavu, na badilisha risasi zilizopata jasho au mafuta.

Umeniambia una kibali, lakini soma tena masharti yake, kwa maana baadhi ya nchi hupima urefu wa mtutu. Kanada, kwa mfano, mtutu usiozidi milimita 105 huifanya bastola iwe ya marufuku, na kwa kipimo hicho zote nilizozitaja hapa hazipiti. Mahali pengi pia sheria itakuuliza kama hukuwa na njia ya kuondoka. Usidhani kuionyesha tu kutamtisha mtu; ilivyo ndogo, gizani atadhani ni kiwashio cha sigara, na wewe utakuwa umetoa silaha hadharani bila kupata hata ile sekunde ya hofu uliyoitarajia.

Na kuna watoto. Hukuniambia kama nyumbani kwako wapo, au kama wajukuu huja. Silaha inayofanana na mwanasesere, nyepesi kama simu, haipaswi kukaa ndani ya mkoba ulioning'inizwa kwenye kiti, wala chini ya mto, hata kwa nusu saa ya kuoga baada ya zamu. Kabla ya bastola yoyote nunua kwanza kisanduku cha chuma chenye kufuli, kifungwe kwa skrubu kwenye rafu ya kabati unayoifikia wewe. Ukirudi alfajiri hiyo, kabla ya kuvua viatu, bastola iingie humo.